Mapafu tunayo, resi ndio hatuna: Kim Le Court na mlango wa wasichana wa Nairobi

Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli yafanyike Kigali Septemba 2025, hapa Nairobi ukikaa na watu wa baiskeli maneno ni yale yale, ati sisi Wakenya tuna mapafu, tuna mwinuko, tuna wasichana wanaovunja rekodi za dunia kwa miguu, kwa hivyo chukua mmoja kule Iten, mpe baiskeli ya maana, na baada ya miaka miwili ataenda kushinda Tour de France ya wanawake. Nimeisikia hiyo hoja Karura, nimeisikia kwa fundi nikingojea tyubu, nimeisikia kwa watu wazima ninaowaheshimu. Na mimi naona inatupotosha, tena inatupotosha wakati mbaya sana, kwa sababu kuna mlango uko wazi sasa hivi kwa msichana wa hapa na hautakaa wazi hivyo kwa muda mrefu.

Chukua Kim Le Court wa Mauritius. Amezaliwa 1996 kule Curepipe, kwenye kisiwa cha watu milioni moja na kitu, wakati Nairobi peke yake kwa sensa ya 2019 ilikuwa na zaidi ya milioni nne. Tarehe 27 Aprili 2025 huyu dada akashinda Liège-Bastogne-Liège, moja ya zile resi tano kongwe za siku moja ambazo watu wa baiskeli wanaziheshimu kuliko zote, na kabla yake hakuna Mwafrika, mwanaume wala mwanamke, aliyewahi kushinda hata moja ya hizo tano. Alifika mwisho na wenzake watatu, Demi Vollering, Puck Pieterse na Cédrine Kerbaol, baada ya zaidi ya kilomita 150 za kupanda na kushuka, na mita za mwisho akawachapa wote. Miezi mitatu baadaye kwenye Tour de France ya wanawake akavaa jezi ya njano, ile ya anayeongoza, baada ya hatua ya 2 (kila siku ya resi ni hatua moja), Marianne Vos akamnyang'anya siku iliyofuata, yeye akaenda akashinda hatua ya 5 pale Guéret akairudisha mgongoni.

Watu wengi wanaanza kumsoma hapo, lakini kwangu sehemu yenye uzito ni ile ya nyuma. Le Court alikuwa ameshajaribu Ulaya akiwa kijana mdogo, haikushika, akarudi Afrika. Akakaa Afrika Kusini akiendesha baiskeli za milimani, na 2023 akashinda Cape Epic ya wanawake akiwa pamoja na Vera Looser wa Namibia, ile resi ya siku nane ambayo mnaendesha wawili wawili na mwenzako akichoka umechoka na wewe. Ndio 2024, karibu anafika miaka 28, akapata mkataba na AG Insurance-Soudal ya Ubelgiji, timu ambayo tayari Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini alikuwa ndani. Julai hiyo hiyo akashinda hatua ya mwisho ya Giro d'Italia ya wanawake, ile resi ya kuzunguka Italia, pale L'Aquila. Miezi tisa tena, Liège.

Sasa jiulize, ile miaka ya katikati alikuwa anafanya nini ambacho msichana wa Nairobi mwenye miguu kama yake hafanyi? Mazoezi wote wanafanya, na kupanda milima sisi tuko nayo mlangoni, ukitoka hapa mjini ukafika Limuru umeshapanda mpaka zaidi ya mita 2,000 na bado chai hujanywa. Le Court alikuwa anashindana, na anashindana kila wakati, na wanawake wenzake, kwenye nchi ambayo ina kalenda ya resi. Anaanguka, anaamka, anajifunza ni nani wa kufuatwa na ni nani wa kuachwa aende akachoke mwenyewe. Hiyo kitu hainunuliwi na hairithiwi.

Kwa wale hawajawahi kuendesha ndani ya kundi, hebu nieleze kidogo maana ndio moyo wa jambo lote. Ukiwa nyuma ya mwenzako kwa spidi ya kilomita 40 kwa saa unaokoa karibu theluthi moja ya nguvu, wakati mwingine zaidi, kwa sababu yeye ndiye anapasua upepo. Kwa hivyo aliye na nguvu nyingi akikaa mahali pabaya anamaliza nguvu zake bure, na aliye na nguvu za wastani akijificha vizuri anafika mwisho na akiba. Lakini kujificha vizuri maana yake tairi lako la mbele liko sentimita chache kutoka tairi la nyuma la mtu usiyemjua, kulia kuna kiwiko cha mtu, kushoto kuna ukingo wa barabara, mbele kuna kona na mvua inanyesha, na wote mia na kitu mnataka kuingia kwenye kona hiyo mkiwa kumi wa kwanza. Marathon haina kitu kama hicho. Ukiwa na mapafu kwenye marathon saa itakusemea.

Kuna ushahidi wa hii na ni mzuri sana, sijui kwa nini hatuuzungumzii. Timu ya Canyon-SRAM ilianzisha shindano la kutafuta vipaji kupitia mtandao, unaendesha baiskeli ndani ya nyumba, wati zako, yaani nguvu za miguu, zinapimwa, mshindi anapewa mkataba wa kulipwa. Mshindi wa kwanza 2016 alikuwa Leah Thorvilson, Mmarekani, mkimbiaji wa marathon. Yaani ile ndoto yetu ya Iten ilishajaribiwa kabisa, mtu mwenye injini ya marathon akaingizwa moja kwa moja kwenye kundi la dunia. Alipambana kwa moyo wote na namheshimu, lakini kundi lilikuwa mlima mgumu kwake, injini ilikuwepo lakini ile lugha ya viwiko na kona na miteremko ilikuwa ya kujifunza ukubwani mbele ya mabingwa wa dunia. Halafu 2020 akashinda Neve Bradbury, msichana wa Australia aliyekuwa ameshashindana nyumbani kwao tangu ujana, na huyo 2024 alishinda hatua ya Blockhaus kwenye Giro na kumaliza wa tatu kwa jumla. Shindano ni lile lile na kipimo ni kile kile cha wati. Tofauti ninayoiona mimi ni miaka ya resi aliyokuja nayo.

Na hata ukishafika juu kabisa haikuachi. Sarah Gigante, aliyekuwa na Le Court kwenye timu moja, asubuhi ya siku ya mwisho ya Tour ya 2025 alikuwa wa pili kwa jumla, mpandaji hatari kabisa, akapoteza kwenye mteremko akamaliza wa sita. Kwenye mteremko jamani, mahali ambapo mapafu hayana kazi. Kigali nako, zile barabara za mawe na vilima ambavyo kila mtu alisema ni vya wenye nguvu, aliyeshinda ni Magdeleine Vallieres wa Kanada, ambaye hakuwa kwenye midomo ya watu kabla ya resi, alitoka mapema na kundi dogo wakati majina makubwa nyuma yanatazamana kila mmoja akingoja mwenzake afanye kazi. Niamh Fisher-Black wa pili, Mavi García wa tatu. Alisoma resi vizuri kuliko waliokuja na sifa kubwa kuliko zake.

Sasa kuhusu mlango. Baiskeli ya wanawake imeishi miaka mingi bila pesa na hii imeacha alama ambayo kwa bahati inamsaidia msichana wa kwetu kwa sasa. Tour de France ya wanawake ilikuwepo 1984 hadi 1989, Marianne Martin wa Marekani alishinda ya kwanza, halafu ikafa, na ya sasa imerudi 2022 tu. Paris-Roubaix ya wanawake, nyingine ya zile resi tano kongwe, ilianza 2021, Lizzie Deignan akaenda peke yake zaidi ya kilomita 80 kwenye mawe yenye matope, mikono imetoka damu, zawadi yake ilikuwa yuro 1,535 na mwanaume aliyeshinda siku iliyofuata alikuwa anapata 30,000. Mshahara wa chini kabisa kwa timu za daraja la juu ulianza 2020, yuro 15,000 kwa mwaka, ukapandishwa kidogo kidogo mpaka 32,102 mwaka 2023. Kwa shilingi zetu hiyo ni karibu milioni tano kwa mwaka, kutegemea yuro imeamkaje. Na hiyo ni kwa timu za juu tu, ukishuka daraja bado kuna wasichana wanaendesha Ulaya mwaka mzima karibu bure.

Kwa sababu hakukuwa na mshahara, wasichana wengi waliacha wakiwa na miaka 22 au 23, na nafasi zikabaki kwa watu waliokuja wamechelewa kutoka maisha mengine. Annemiek van Vleuten aliingia akiwa mtu mzima baada ya goti kumkatalia mpira, akawa bingwa wa dunia, akashinda Tour ya 2022, akastaafu 2023 akiwa na miaka 40. Kristen Faulkner alikuwa mpiga makasia wa chuo kikuu kisha mtu wa uwekezaji, akaanza baiskeli New York 2017, na Paris 2024 akabeba dhahabu ya Olimpiki. Anna Kiesenhofer, msomi wa Austria mwenye PhD ya hesabu, hakuwa hata na timu ya kulipwa alipotoka mbele mwanzoni kabisa wa resi ya Tokyo 2021, kundi likamsahau, Van Vleuten akavuka mstari akiwa wa pili, ameinua mikono akidhani ameshinda. Na Le Court mwenyewe ni wa hao hao waliopata nafasi ya pili.

Kwa wanaume hiyo hadithi imeshapotea karibu kabisa, timu zinawasaini watoto wakiwa bado shuleni. Kwa wanawake ndio inaanza kupotea mbele ya macho yetu. Cat Ferguson wa Uingereza alishinda dunia ya vijana 2024, ile ya barabara na ile ya kila mmoja peke yake dhidi ya saa, na alikuwa ameshasainiwa na timu ya Movistar akiwa na miaka 18. Kigali 2025 ndio mara ya kwanza wasichana walio chini ya miaka 23 walipewa resi yao wenyewe kwenye mashindano ya dunia badala ya kuchanganywa na wakubwa. Haya ni mambo mazuri na niliyafurahia, lakini fikiria maana yake kwetu. Pesa zikiingia, vijana wa Ulaya hawaachi tena, timu zinajaza nafasi na watoto wa miaka 18 waliokua na resi kila wikendi, na msichana wa Umoja au Kayole anayegusa baiskeli ya resi kwa mara ya kwanza akiwa na 21 atakuta foleni imefungwa mbele yake. Leo bado anaweza kuingia. Miaka sita saba ijayo sina hakika kabisa.

Tuje Nairobi sasa. Jumapili alfajiri ukitoka utayakuta makundi, Thika Road, Kiambu Road, Southern Bypass, wengine wameshika njia ya Magadi, na kila mwaka naona wasichana ndani ya hayo makundi wanaongezeka na wengine wana nguvu ya kutisha. Lakini angalia wanaendeshaje. Wanajishika nyuma ya wanaume, kwenye mazoezi ambayo hakuna kinachoamuliwa, wakiachwa wanaachwa. Ikifika siku ya mashindano wanawake ni wachache, mara nyingi wanaanzishwa pamoja na wanaume, na baada ya kilomita kumi kila dada yuko peke yake kwenye barabara anapambana na upepo na matatu, akifika wa kwanza anapewa bahasha na makofi, lakini kile kitu cha kusoma wapinzani, kukabana, kushirikiana na adui kwa nusu saa halafu kumgeuka, hakukipata. Anaweza kushinda hivyo miaka mitano na bado hajashindana. Inaniuma sana hii, kwa sababu naziona zile nguvu zinavyoishia hewani.

Barabara zenyewe mnazijua. Ile njia ya baiskeli ya Thika Road imejaa boda na vibanda, dada akitoka saa kumi na moja alfajiri anawaza gari, anawaza giza, anawaza nani anamfuata. Mwanaume mwenzangu anawaza pancha tu. Baiskeli nayo, hata mtumba ya alumini yenye gia zinazoshika ni kodi ya nyumba ya miezi kadhaa kwa familia nyingi za hapa, na zile wanazoendesha kina Vollering zinapita yuro elfu kumi. Mkimbiaji anahitaji viatu na barabara ya vumbi.

Lazima niwape heshima yao Team Amani, timu ya baiskeli ya Afrika Mashariki. Walianzisha Migration Gravel Race kule Maasai Mara 2021, siku nne za changarawe, wakaleta wazungu wenye majina kushindana na watu wetu hapa hapa nyumbani bila mtu kuomba visa, na Nancy Akinyi wetu akapata mahali pa kusimama pamoja na Xaverine Nirere wa Rwanda. Sule Kangangi aliyekuwa nahodha wao alitutoka Agosti 2022 akiwa kwenye resi Vermont, Marekani, na kazi aliyoianza haijafa, nashukuru kwa hilo. Ila changarawe haiwezi kubeba mzigo wote. Kwenye changarawe kundi linapasuka mapema, mwenye nguvu anaenda, mara nyingi unarudi pale pale kwenye nguvu za mtu mmoja. Wanaoajiriwa na timu kubwa za barabara wanaulizwa swali lingine, unaweza kumlinda kiongozi wako kwenye upepo wa pembeni kilomita 60 bila kumwangusha?

Na hapo kuna jambo lingine ambalo naliona kubwa kuliko watu wanavyodhani. Sisi tumelelewa na mbio za miguu. Tunajua mshindi. Kwenye marathon ya Boston anayeshinda kwa wanawake anapata dola 150,000 sawa na mwanaume, wa kumi hatumjui jina. Baiskeli ya barabara ni kazi ya kuajiriwa, na wengi walioajiriwa kazi yao si kushinda. Wanarudi kwa gari kuchukua chupa za maji wanaziingiza ndani ya jezi saba nane wanapanda nazo mpaka mbele, wanampa kiongozi tairi lao likipata pancha, wanakata upepo mpaka miguu iishe halafu wanamaliza wa tisini wakiwa wamefanya kazi safi kabisa. Mtu anaweza kuishi hivyo miaka kumi, analipwa, anajenga, anasomesha wadogo zake, na hajawahi kusimama jukwaani hata siku moja. Wale wanaoweka kasi kwenye marathon wanafanana nao kidogo, lakini wao wanatoka kabla ya mwisho na siku imeisha. Sasa mzazi wa hapa akimuuliza binti yake swali la kwanza kila akirudi, umeshinda? na sponsa naye anauliza hilo hilo, basi tunawafukuza wale ambao kwa kweli ndio wangepata mkataba kwanza. Diane Ingabire wa Rwanda alichukuliwa na timu ya maendeleo ya Canyon-SRAM 2022 na kazi kubwa ilikuwa kujifunza, na Wanyarwanda wakajivunia. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kuhusu uzazi nitasema kwa ufupi tu maana najua wazazi wanauliza. Timu za daraja la juu zinatakiwa kulipa likizo ya uzazi, miezi mitatu mshahara kamili kisha miezi mitano nusu. Deignan alijifungua 2018, ule mwaka mmoja na Faith Kipyegon wetu, na wote wawili mafanikio yao makubwa mengine yalikuja baada ya hapo. Kazi hii haimlazimishi dada achague kati ya mtoto na baiskeli.

Kwa hivyo mimi sitaki tuanze na kutafuta kipaji, vipaji viko. Nataka resi. Resi fupi za mzunguko, lami ya kilomita mbili tatu, dakika 50 hivi, kila baada ya wiki mbili, wasichana waanzishwe peke yao hata wakiwa kumi na wawili, kuna namba mgongoni, kuna matokeo yanaandikwa na kutunzwa. Kumi na wawili kwenye mzunguko mfupi wanajifunza mengi kuliko mia moja waliotawanyika kwenye barabara ya kilomita 100. Wanaojitokeza tuwapeleke kwanza Kigali, Kampala na Addis kwa basi au ndege ya bei nafuu wakashindane na wenzao wa rika lao, halafu Afrika Kusini kwa msimu mzima, njia aliyopita Le Court, kabla hata ya kuota visa ya Ulaya. Baiskeli ziwe za kuazimana, fundi mmoja anayeaminika azitunze zote, na awepo mwanamke mzima wa kusafiri nao. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji uwanja mpya.

Kinachohitajika ni mtu mwenye lami iliyofungika, iwe ni chuo, kiwanda, estate kubwa au barabara za ndani za uwanja wa michezo, akubali kufunga geti Jumapili kutoka saa kumi na mbili mpaka saa mbili asubuhi, na gari moja la huduma ya kwanza liwe pale. Makundi ya Jumapili yana watu wa kusimama kwenye kona na bendera, hilo tunaweza kuanza kuliandaa hata wiki hii.